Mwanamke wa Country, Mwanamke wa Rap, na Wewe Wawira

Mpendwa mke wangu Wawira,

Katika nyimbo zangu za country, mwanamume huandika barua mwanamke akishaondoka. Anakaa mezani, mvua inanyesha nje, anaandika yote ambayo hakuyasema. Wewe ukisikia wimbo wa namna hiyo ulikuwa ukicheka mpaka unashika ukuta. "Na alipokuwa hapo," ulikuwa ukiuliza, "kalamu ilikuwa imepotelea wapi?"

Basi leo nimekaa mezani, naandika, na wewe umeshaondoka, na nje kunanyesha kwelikweli. Cheka tu. Lakini mimi nilikuambia mengi ulipokuwepo, hilo huwezi kulikana, ingawa mengi yake ilikuwa ni kubishana. Leo nina habari mpya ya kukupa, na unanijua: siwezi kutoa habari bila kwanza kuanzia mbali.

Mbali kwenyewe ni ule ukuta wa mbao.

Nilikuwa nimekodi kibanda nyuma ya soko la Meru, natengeneza redio na kukodisha spika kwa wenye harusi. Mlangoni nilikuwa nimetundika kofia yangu pana ya ngozi, na kutwa nzima nilicheza country. Kwetu Kanyakine hizo nyimbo za gitaa za wazungu wachunga ng'ombe ni kama zetu. Jumapili tukitoka kanisani, baba yangu alikuwa akikaa kando ya redio na kufumba macho, kana kwamba anayeimba ni binamu yake aliyehamia Marekani. Kiingereza chenyewe alikuwa akikisikia nusu. Lakini huzuni aliielewa yote.

Halafu kibanda cha pili kikapata mpangaji. Msichana mrefu kutoka Kanja, kule Embu, mwenye kitana nyuma ya sikio na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Ukafungua saluni. Siku hiyo hiyo ukawasha redio yako ya kaseti, na kwenye ukuta wangu ikaanza kupiga ngoma kama mtu anayebomoa nyumba. Rap. Kijana anaongea haraka haraka, hapumui, anajisifu. Nikaongeza sauti yangu. Ukaongeza yako. Nilikuwa na spika za harusi, Wawira, na bado hukurudi nyuma. Wateja wako walitoka na vitambaa vya nywele wakaja kuona ni nini kinaendelea. Mama muuza ndizi alituambia sote wawili tuzime, kwa maana hata ng'ombe wa mjini hawezi kutoa maziwa hivyo.

Ukaja mlangoni kwangu, mikono ina mafuta ya nywele.

"Jirani, nina swali moja tu. Huyo mwanamke wa wimbo wako, kwa nini tangu asubuhi anaachwa?"

"Haachwi. Anangoja mumewe."

"Na mumewe ameenda wapi?"

"Hiyo wimbo haisemi. Ameenda na treni."

"Treni! Na yeye ako wapi?"

"Mlangoni."

"Tangu asubuhi ako mlangoni! Si akae hata chini?"

Nilitaka kukujibu kwa ukali, lakini ulikuwa umeanza kucheka, na kicheko chako ni cha kuambukiza. Nikakurudishia. Nikakuuliza mbona katika rap yako wasichana wanaitwa majina ambayo mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, siwezi kuyatamka mbele ya mama muuza ndizi. Ukaangalia kofia yangu, ukaangalia chini, ukasema, "Hapo umenishika." Ukarudi kwako na ukapunguza sauti. Na mimi nikapunguza. Nadhani nilikupenda hapo, wakati uliposema nimekushika, kwa sababu sijawahi kukutana na mtu wa kubishana ambaye anakubali.

Baada ya hapo tukawa tunajadili kupitia mbao. Wewe unasuka, mimi nina koleo na waya, na wateja wako ndio waamuzi. Unakumbuka ile siku ulipoumaliza mjadala kwa sentensi moja? Nilikuwa nakuhubiria kwamba country inamheshimu mwanamke, inamtaja kwa jina, inamsifu macho, inamlilia. Ukazima mashine ya kukaushia nywele ili nisikie vizuri.

"Kirimi, sikiza. Mwanamke wako ana jina lakini hana miguu. Haendi mahali. Ako mlangoni, ako jikoni, ako kaburini. Wangu naye ana miguu, tena wanaisifu sana hiyo miguu na kila kitu kiko juu yake, lakini hana jina. Sasa niambie, ni nani kati yao anaweza kuingia hapa asukwe?"

Saluni nzima ililipuka. Mteja aliyekuwa chini ya mashine alisema yeye ana jina na miguu na pia ana haraka. Mimi nilibaki na koleo mkononi, na nakuambia, tangu siku hiyo sijaweza kusikiliza wimbo bila kumtazama mwanamke aliye ndani yake kama ana miguu.

Sasa twende Kanja.

Siku ya ruracio yako, siku ya wazee kujadili mahari, nilikuja na wazee wetu kutoka Kanyakine, na mama yangu na wanawake wenzake wamejifunga leso, na spika zangu mbili kubwa, maana nilitaka baba yako aone kwamba binti yake hatalala njaa. Mjomba wangu Mbaabu ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alibeba bunda la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba, akaliweka mezani kwa heshima zote za Kimeru. Wazee wa kwenu wakalitazama, wakatazamana, wakatoa mfukoni muguka, yale majani ya Embu yanayoshindana na miraa yetu, wakaanza kutafuna. Hata hasira haikuwezekana. Tulicheka sote, na mazungumzo yakaanza vizuri.

Mambo yakaenda. Mukimo ukaliwa, mbuzi akaliwa. Baba yako, Mzee Njeru, akaniita na kuniuliza kwa siri kama ndani ya mitambo yangu kuna country. Wawira, nilikaribia kumkumbatia. Hukuwa umeniambia! Ulinificha miezi yote hiyo kwamba umekulia katika nyumba ya country, kwamba yule mwanamke wa mlangoni ulimjua kabla ya kujua kusoma. Nikamwekea ule ule wimbo wa treni. Akafumba macho, nikamwona baba yangu.

Mjomba Mbaabu alikuwa ameshiba, na mtu akishiba huongea. Akasimama katikati ya wimbo, akanyoosha fimbo kuelekea spika.

"Mnasikia wazee? Hiyo ndiyo bibi. Anangoja. Hata mume akikaa mwaka, anangoja. Na sisi tumekuja kuchukua huyu msichana akatungojee Kanyakine!"

Wanaume wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, si kwa ubaya, ni mikono tu ilifuata ya wengine. Wewe ulikuwa kando na wasichana, umeshika chupa ya chai. Nikakuona ukiiweka chini. Nikaona hatua zako. Nikajua hakuna mtu mle uani anaweza kukuzuia, na sikuwa na hakika kama nataka uzuiwe.

Ulichukua maikrofoni. Wimbo wangu ulikuwa bado unapiga gitaa, na wewe ukaingia juu yake, hukuimba, uliongea, kwa mdundo:

"Naitwa Wawira, na jina langu ni kazi,
Sikuzaliwa mlangoni, mimi si pazia.
Baba alinipa jembe, mama akanipa njia,
Mjini nina saluni, viti vimejaa.
Kirimi ukichelewa, mimi pia nitachelewa,
Wa kwanza kufika nyumbani ndiye awashe moto.
Kama wanipenda kwa gitaa nipende na kwa ndoo,
Maji hayajui nyimbo, yataka mtu. Njoo!"

Hapo gitaa la mzungu likaisha. Nilisikia majani ya chai yakipigwa na upepo huko bondeni. Msichana haongei siku ya ruracio yake, si kwenu, si kwetu. Mjomba Mbaabu akavaa koti. Akasema kwa Kimeru, akidhani wenyeji hawatamwelewa, kwamba tulikuja kuchukua mke na tumeonyeshwa mume mwingine, na kwamba twende nyumbani tukafikirie. Wazee wetu wawili wakasimama pia. Baba yako alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilisimama pale katikati ya spika zangu na nikaona harusi yangu ikielekea barabarani na koti la mjomba.

Ndipo tukasikia kicheko. Kidogo, kikavu, kutoka mlango wa jikoni. Cucu wako, mama mzaa baba yako, ambaye siku nzima alikuwa amekaa kwenye kigoda bila neno, alikuwa anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya leso. Akajiinua kwa mkongojo wake. Akaja polepole mpaka mbele ya mjomba Mbaabu, akamtazama kutoka chini hadi juu, na akaanza kuimba.

Kiembu chake nilielewa vya kutosha. Alimwimbia mjomba kwamba amekuja na fimbo ndefu na mbuzi wafupi. Kwamba kwao wanaume wanaondoka kabla ya chai ya mwisho kwa sababu wanaogopa bili ya maneno. Wanawake wa kwenu wakamwitikia palepale, safu nzima, na vigelegele. Kumbe enzi zao hivyo ndivyo ilivyokuwa: siku ya uchumba wanawake wa upande huu walikuwa wakirushiana nyimbo na wanawake wa upande ule, wanatukanana kwa adabu, wanajisifu, wanasifu binti, na asiyejibu ndiye ameshindwa. Cucu alikuwa amengoja miaka mingi mtu aanzishe tena.

Wakamaliza, wakatutazama. Zamu ilikuwa yetu.

Sitasahau mama yangu. Mama yangu mpole, wa Kanyakine, ambaye katika maisha yangu nilikuwa nimemsikia akiimba kanisani tu, na kwa sauti ya chini. Akafunga leso upya. Akatoka mbele ya mjomba Mbaabu, akamsukuma kando kidogo kwa kiwiko, na akajibu kwa Kimeru. Akasema mbuzi wetu ni wafupi kwa sababu wamepanda mlima, si kama wa Embu wanaolala bondeni. Akasema kama binti yenu ni kazi, basi amepata mwalimu, kwa maana yeye alizaa asubuhi na jioni akachuma kahawa. Wanawake wetu wakaitikia. Cucu akaruka juu, Wawira. Na ule mkongojo! Aliruka nao.

Jioni yote ilikuwa ya wanawake. Mimi nilizima spika, hazikuhitajika. Mjomba Mbaabu alivua koti tena, akakaa, na baadaye mtu alimwona akitikisa bega. Baba yako aliniegemea, akaniambia, "Huyu mama yangu ndiye alinifanya nipende country. Alikuwa ananipigia kelele mchana kutwa. Nilitaka mahali pa kusikia mwanamke amenyamaza." Tulicheka mpaka nikamwagikiwa na chai.

Tulipopata nafasi ya kuongea peke yetu nyuma ya jiko, nikakuuliza ulikuwa na mpango gani kama mjomba angeondoka kweli.

"Ningekufuata Meru kesho yake nikufungulie rap kwa nguvu," ukasema. "Sasa ulifikiri ningekuja kukungojea?"

Tulioana, na ukuta wa mbao tukautoboa mlango. Wikendi tulikuwa tukipakia spika kwenye pikapu ile ya kijivu na kwenda harusini, Nkubu, Chuka, Runyenjes, hata chini kule Mbeere kwenye joto. Mimi dijei, wewe umeketi kando yangu, na kila wimbo unauhukumu. Ulikuwa mwamuzi wa haki. Wako wa rap uliwahukumu vikali kuliko wangu wa country. Kijana wa rap akianza kumhesabu mwanamke pamoja na gari na mkufu wake, ulikuwa unasema, "Zima huyo, ameleta orodha ya vitu." Lakini pia ulinifundisha kusikia kile ambacho kelele ilikuwa inanificha. Uliniletea kaseti ya msichana wa rap, sauti bado changa, anasimulia kwamba alipata mtoto akiwa shuleni, kwamba mwalimu mkuu alimfungia lango, kwamba alirudi na mtoto mgongoni akafanya mtihani. Haikuwa na gitaa. Haikuniomba nilie. Nililia tu, nikijifanya natafuta waya chini ya meza.

"Huyo ana jina?" ukaniuliza.

"Ana jina."

"Ana miguu?"

"Amerudi nayo shuleni," nikasema, na ukanipiga begani.

Nami nikakutafutia wangu. Ilinichukua muda, lakini nikampata: mama wa country anayeimba mwenyewe, si wa kuimbiwa, anamwambia mumewe mlevi kwamba leo hatalala humu, viatu vyako viko nje, na mimi kesho naenda kazini. Niliuweka wakati saluni imejaa wateja. Nikasikia mashine yako ikizimwa. Nikasikia viti vikisogezwa karibu na mlango wetu. Wimbo ulipoisha ukaingiza kichwa.

"Rudisha mwanzo. Kuna mama hapa hakusikia Kiingereza, nimtafsirie."

Uliutafsiri mstari kwa mstari, kwa Kiembu na Kimeru na Kiswahili cha soko, na kwa kweli tafsiri yako ilikuwa na matusi ambayo mwimbaji hakuyaweka. Tangu siku hiyo hukuwahi kusema country haina wanawake. Ulisema wamefichwa nyuma ya wanaume wenye kofia. Na mimi sikuwahi tena kusema rap ni matusi. Nilisema matusi ndiyo yanayopigwa kwa sauti kubwa, wanawake wenye majina wako nyuma.

Halafu mwana wetu Mutwiri akabalehe.

Alikuwa anaijua rap yote, kichwani, kama mwingine anavyojua Zaburi, na wewe ulijivuna naye. Mpaka siku ile alipomwita Nkatha, msichana uliyekuwa unamfundisha kazi, jina moja la kwenye nyimbo. Hakumwita kwa hasira. Alimwita kama mtu anavyosema "leta kiberiti." Nkatha akaendelea kufagia nywele sakafuni.

Nilikuja mbio nikiwa na ushindi mkononi. "Ona sasa rap yako!"

Hukunitazama hata. Ulimtazama Mutwiri, na nilitarajia kiboko, au uzitupe zile kaseti nje. Ukasema kwa utulivu, "Likizo hii yote utafanya kazi hapa. Utaosha wateja vichwa." Kisha ukanigeukia. "Na wewe wa country, usicheke. Juzi nikiumwa mgongo uliniambia nina macho mazuri. Mgongo, Baba Mutwiri! Niliomba maji ya moto, nikapewa macho."

Nilikwenda nikachemsha maji.

Mutwiri aliosha vichwa. Siku za kwanza alikuwa anakaa kama mfungwa. Lakini mwanamke aliyelaza kichwa nyuma kwenye beseni, amefumba macho, huongea, na huongea na dari, si na wewe unayemwosha. Akamsikia mwalimu anayejenga nyumba peke yake na fundi anamwibia saruji. Akamsikia mama wa kahawa ambaye mume wake anachukua bonasi yote. Akamsikia bibi harusi anayeogopa. Akamsikia nesi anayeimba kwa sababu amepandishwa cheo. Jioni moja alikuja kwangu upande wa spika, akakaa juu ya kreti ya soda, mikono imekunjamana kwa maji.

"Baba, hawa watu wote mimi nawajua kwa sura tu."

"Kina nani?"

"Wamama. Nimekuwa nikiwaona tu barabarani."

Nilikuwa na umri wake mara tatu na zaidi, na nilikuwa ninajifunza jambo hilo hilo kupitia ukuta ule ule. Likizo ilipoisha alimwomba Nkatha msamaha bila kuambiwa, mbele ya wateja. Nkatha akamwambia amesamehewa lakini bado anakwaruza watu kwa kucha.

Hata ulipougua hukuacha ubishi. Siku zile za mwisho, mchana, tukiwa tumefungua madirisha ili uone Mlima Kenya ukijitokeza kwenye mawingu, uliniambia nikuwekee nyimbo zangu za akina mama. Nilishangaa. Ulikuwa unazicheka sana zile, ambazo mama amekufa na anangoja watoto wake kwenye lango la mbinguni. Tulisikiliza mmoja mpaka mwisho. Ukaniambia ni mzuri. Ukanishika mkono.

"Lakini usinizike nao," ukasema. "Nikifika huko sitasimama kwa lango. Mkija mkikosa kuniona, msishtuke. Ulizeni. Nitakuwa mahali nafanya kitu."

Nilimwambia mchungaji maneno hayo, naye akayarudia kanisani siku ya kukuaga, na watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Baba yako, mzee sana sasa, alipiga goti lake na kusema kwa sauti, "Huyo ni mama yangu kabisa," na kanisa likacheka tena. Ndivyo tulivyokuzika. Sijui kama kuna wimbo wa country unaosimulia maziko yenye kicheko kama yale. Kama hakuna, ni hasara yao.

Nataka ujue kwamba siko vibaya. Saluni ni ya Nkatha sasa, na ina kioo kikubwa. Upande wangu bado kuna spika. Vijana wakija kukodi wananiuliza nyimbo ambazo sizijui, wananichezea kwenye simu, na mimi nasikiliza yule aliye ndani yake kama ulivyonifundisha. Mara nyingine nawarudishia simu nawaambia, huyu dada mmemweka kama kiti. Wananiona mzee wa ajabu. Lakini wiki iliyopita mmoja alirudi, akaniambia ameitoa hiyo kwenye harusi ya dada yake. Nilifurahi siku nzima. Siku hizo ninakukumbuka bila kuumia. Nakukumbuka kama mtu anavyokumbuka kwamba ana chakula nyumbani.

Sasa habari yenyewe. Mutwiri na mke wake Kagendo wamepata mtoto. Msichana. Na kwa kuwa ni binti wa kwanza, jina lake linatoka kwa mama mzaa baba, hilo halikuwa na mjadala. Anaitwa Wawira. Nimeandika jina hilo hapa na nimelitazama kwa muda, kwa maana kwa muda mrefu nilikuwa nalisema nikigeuka nyuma, na leo linasemwa na watu wanaotazama mbele. Nimesikia Mutwiri akimwambia nesi, "Wawira amelala?" na moyo wangu ukaruka kama cucu wako.

Nilikwenda kumwona hospitalini hapa Meru. Ana paji lako la uso, ule mkunjo wa mtu anayetaka kuuliza. Kagendo akanipa nimshike, na Mutwiri, mwana wako, alikuwa amekunja mikono ya shati na anafua nguo za mtoto kwenye beseni, akiniangalia kando kwa macho ya mzaha.

"Baba, mwimbie kitu basi. Wimbo wake wa kwanza."

Nikafungua mdomo. Wawira wangu, nyimbo zote ninazozijua zilikuja pamoja mlangoni na hakuna hata mmoja uliopita. Nikafikiri, nikimwanzia na huyu, atakuwa wa kungojea. Nikimwanzia na yule, atakuwa wa kutazamwa. Hata yule mama mwenye kumfukuza mlevi, nikaona si haki, mtoto bado hajamwona mlevi yeyote. Nikasimama pale, fundi wa spika wa miaka yote hii, na sina sauti.

Naye akafumbua macho, akakunja uso, akaanza kulia. Si kilio cha kichanga, ni cha mtu mwenye hoja. Kagendo akanyoosha mikono amchukue, nesi akasema mtikise kidogo atanyamaza, na Mutwiri akaja na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikawaambia wote, "Ngojeni kwanza. Anaongea." Nikakaa kitandani naye magotini, nikainamisha sikio, nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Pokea salamu za nyumba yote, za Kanja na za Kanyakine. Huko uliko usiache kazi yako kwa sababu yangu. Nikija nitauliza njia.

Ni mimi mumeo,
Baba Mutwiri, ambaye tangu Jumanne ni babu wa Wawira